Herufi Tano

Bahasha ilifika Kayenze mkononi mwa dereva wa lori la dagaa.
Ndani yake mti, umechorwa kwa kompyuta,
shina juu, matawi chini,
kama uliong'olewa na mtu asiyejua mti husimamaje.
Juu kabisa Edmund Tansley,
aliyeshuka melini akitokea Kisumu, mwaka wa ishirini na mbili,
na mizani ya pamba, turubai mbili, na mke.

Kisha mistari.
Rupert: vita vilimmeza, hakuoa.
Hester: aliolewa Nakuru, akahamia Australia,
akazaa watatu, watatu wakazaa saba,
na kitinda mimba wa hao saba ndiye aliyeniandikia.
Pembeni, kwenye kimstari kisichokwenda popote,
Cecil.
Siku tisa.

"Fundi Mayunga, wachonge upya wazee wetu.
Nitalipa kwa herufi, kama ulivyosema.
Na tafadhali, N zote zimegeuzwa. Zirekebishe."

Nikapanda na patasi hadi nyuma ya jineri,
mahali ambapo hapa hakuna anayepaita Tansley.
Ni kwa Tanisile,
hata mtoto anayetumwa chumvi anajua ni kwa Tanisile,
ingawa hajui kama Tanisile alikuwa mtu au mdudu.
Mabati yameshauzwa. Mizani imebaki, haina sahani.
Wazee walikuwa wakisema gunia lililomchosha punda njia nzima
lilikuwa jepesi ghafla likifika pale.

Pimbi walikuwa wamemchafua Winifred.
Nikamwosha kwa ndoo tatu za maji ya ziwa na brashi ya viatu.
Wadudu wa ziwani wakaja kama moshi,
wakanijaa masikioni, wakaganda kwenye jiwe bichi,
nikamwosha tena.

Ni kweli. N tano, zote kinyume.
Mbili za Edmund, mbili za mkewe,
na moja ya mtoto ambaye hakupata muda wa kulizoea jina.
Mkono wa katikati unapanda pale ulipopaswa kushuka,
kama njia ya kutoka majini kurudi nyumbani.

Aliyezichonga ni Nkwabi, babu yangu,
mpasua mawe wa jineri, aliyelipwa kwa siku.
Alipewa karatasi, akaambiwa: fuata.
Baba alisema karatasi ililowa mvua.
Shangazi Njile alisema mvua gani, ule ulikuwa mwezi wa saba,
mzee alikusudia.
Akikusudia nini?
Shangazi alicheka, akaendelea kuchambua choroko.

Mti wetu haujachorwa.
Mayunga wa Lugoye, Lugoye wa Nkwabi,
Nkwabi wa Masele, Masele wa...
hapo Shangazi alikuwa akikohoa, akaomba maji,
na alipoanza upya alianza na jina jingine.
Nkwabi amelala Igombe, kwenye mihogo.
Tulimwekea jiwe zuri la mviringo, halina neno.
Siku moja tukalikuta jikoni kwa jirani,
limekuwa figa, lina masizi, ugali uko juu yake.
Hatukusema kitu. Tulikaribishwa, tukala.

Siku nne nimegonga.
C za Cecil zilijaa udongo na mayai ya mchwa;
nimezitoa kwa ncha ya msumari, polepole,
kama unavyomsafisha kichanga masikio.
W imenipa taabu, W daima inanipa taabu.
Jua likipiga kutoka upande wa ziwa
wote watatu wanasomeka hadi barabarani.

Ankara nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri.
Herufi thelathini na tano.
Tarakimu ishirini na nne.
Brashi moja, ndoo siwatozi.
Fedha ya herufi tano narudisha,
imo humu, nimeifunga kwenye karatasi ya daftari.

Sababu sikuandika.
Zile tano sikuzigusa.
Nilizipuliza vumbi tu.